Vidonge au kondomu: mbona hatuambiwi ukisahau ufanyeje?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, na kama ntaichukua kubwa unisamehe maana hili jambo limenikaa moyoni miaka sasa. Mimi ni msusi, nina saluni yangu ndogo huku Nkuhungu, Dodoma, na anayejua saluni anajua kwamba mwanamke akishakaa kwenye kiti masaa manne anasukwa rasta ataongea kila kitu, basi wiki iliyopita maongezi yakafika kwenye uzazi wa mpango wakaanza kubishana, huyu anasema vidonge ndo vyenyewe, yule anasema vidonge vilimwangusha bora kondomu, mwingine anasema kondomu ndo imempa mtoto wa mwisho. Mi nasikiliza huku nasuka, roho inaniuma, maana wote walikuwa wanasema kweli yaliyowakuta na hakuna hata mmoja aliyewahi kuelezwa kwa nini yalimkuta.

Namba zenyewe zipo wala sio siri. Chukua wanawake 100 wanaokutana na waume zao kama kawaida mwaka mzima bila kuzuia chochote, kama 85 hivi watashika mimba. Hao hao 100 wakinywa vidonge bila kukosea hata siku moja hafiki hata mmoja, ni kama 3 kwenye wanawake 1000. Kondomu ya kiume ikivaliwa sawasawa kila mara ni 2 kwenye 100. Ukiishia hapo utasema vidonge vimeshinda na ni kweli vimeshinda, ila hao ni watu wa kwenye karatasi. Kwa sisi tunaosahau, tunaosafiri, tunaouguliwa, vidonge vinaangusha kama 7 kwenye 100 kwa mwaka, kondomu ya kiume 13, na ile ya kike 21. Hizo ndo namba ambazo Shirika la Afya Duniani linazitumia kwenye mwongozo wake. Sa angalia hapo kwenye vidonge, kutoka chini ya mmoja mpaka saba, na kidonge ni kilekile, hakijapungua nguvu wala nini. Hao wanawake sita waliozidi hapo katikati ndo naandika kwa ajili yao, maana mmojawapo ni mimi.

Nilikuwa natumia vile vya pakiti ya 28, vyeupe 21 vyenye dawa na vya kahawia saba ambavyo ni vya kuongeza damu tu, havina dawa ya kuzuia mimba. Hilo la kwamba vya kahawia havina dawa sikuwa nalijua, nilijua vyote ni dawa. Alhamisi nikamaliza cha kahawia cha mwisho, Ijumaa ilikuwa nianze pakiti mpya, alfajiri simu ikaingia kwamba shangazi amefariki Mpwapwa. Nani atakumbuka vidonge hapo? Nikafunga khanga mbili kwenye begi nikakimbilia gari, pakiti ikabaki kwenye droo chini ya chupi. Nimerudi Jumanne usiku, nikaiona, nikasema aah kumbe nilisahau, nikaanza cha kwanza usiku ule ule na nikaendelea vizuri kabisa bila kuruka mwezi mzima. Baba watoto ni dereva wa malori, akarudi Jumatano. Mwezi uliofuata sikuona siku zangu.

Kule kliniki niliambiwa neno moja tu, "Hukuwa makini mama." Nyumbani mume wangu akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mama Shani, ulikuwa unavinywa kweli?" Lile swali liliniuma kuliko la nesi, maana nilikuwa nakunywa. Mtoto yupo darasa la pili saa hizi na nampenda kuliko ninavyoweza kuandika, simlaumu kwa lolote, ila nilitakiwa kujua nilichokosea na nilikuja kukijua miaka mitatu baadaye kwa mhudumu wa afya wa mtaa wetu aliyekuja kwenye kikundi chetu cha vikoba.

Yule dada alinielezea kwa vidole. Kidonge kinafanya kazi kubwa mbili, kinalifanya yai lisipevuke, na kinafanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito mbegu zisipite. Ukiwa kwenye vile saba vya kahawia mwili umeshakaa siku saba bila dawa, na siku saba unavumilia, mayai bado yamelala. Ukiongeza siku nyingine juu ya hizo saba ndo yanaanza kuamka. Akaniambia hesabu, saba za kahawia na nne za msiba, dada ulikaa siku 11. Nikanyamaza. Kumbe kuchelewa kuanza pakiti mpya ndo kusahau kubaya kuliko kote, na mi nilidhani ndo kwenye afadhali, si nilikuwa sijaanza bado!

Sasa kama kuna mama anasoma hapa na anatumia hivi vidonge naomba asome hii sehemu polepole. Ukisahau kimoja cheupe, kinywe pale pale unapokumbuka hata kama siku hiyo utakunywa viwili, afu endelea kama kawaida, hamna shida. Ukisahau viwili au zaidi mfululizo (wengine wanahesabu kuanzia vitatu, mi nasema anzia viwili uwe salama) kunywa cha karibuni ulichosahau, endelea na pakiti, na siku saba zinazofuata mtumie kondomu au msikutane. Kama ni kwenye wiki ya tatu, karibu na mwisho wa vyeupe, malizia vyeupe, vya kahawia tupa kabisa, anza pakiti mpya siku inayofuata ili usiongeze zile siku za kukaa bila dawa, na zile siku saba za kondomu ziko palepale. Na kama ulisahau mwanzoni mwa pakiti na mmeshakutana, siku tano hazijapita, wahi kituo cha afya au duka la dawa uulizie vidonge vya dharura. Ukitapika ndani ya masaa mawili tangu umekunywa, kunywa kingine. Wale wanaonyonyesha wanapewa vidonge vya aina nyingine, vyote vina dawa, havina vya kahawia, na vingi kati ya hivyo ukichelewa masaa matatu tu ushaingia kwenye hatari, kwa hiyo muulize nesi wako una vipi.

Hayo yote niliyoandika ni nusu ukurasa. Mi kwenye pakiti yangu kulikuwa na karatasi imekunjwa mara nane imejaa maandishi madogo ya Kiingereza.

Nirudi kwenye kondomu, maana baadhi ya wale waliobishana saluni walikuwa wanaitetea kama vile yenyewe haikosei. Kondomu hainywewi kila siku, haikupandishi presha, inapatikana dukani na vituoni hata bure, na baba ndo anaivaa yeye mwenyewe kwa hiyo mzigo haumwelemei mama peke yake. Ni nzuri na naitetea. Lakini mbona 13 kwenye 100? Yule yule dada wa vikoba alitufanyia kitu sijakisahau. Alipuliza kondomu mbili zikawa kama maputo, moja akaipaka ile jeli ya maji inayouzwa famasi, nyingine akaipaka mafuta ya mgando haya haya ninayopaka wateja kwenye ngozi ya kichwa. Tukaendelea kuhesabu hela za hisa. Hatujafika mbali tukasikia paa! Mama mmoja akaruka. Ile ya mafuta ilikuwa imepasuka, ile nyingine ipo inayumba yumba tu mezani. Mafuta yanaula mpira wa kondomu ndani ya dakika chache, iwe mafuta ya mgando, losheni, ya nazi, au haya ya alizeti ambayo sisi watu wa Dodoma na Singida tunayo kila jikoni na nawajua wanaoyatumia, jamani msiyatumie. Zile za kike nyingi hazina hiyo shida kwa sababu hazitengenezwi kwa mpira huo.

Halafu kuna joto. Hapa kwetu mwezi wa kumi na wa kumi na moja jua linachoma mpaka mabati yanalia, na kijana wa bodaboda ana kondomu kwenye waleti ameikalia miezi mitatu, anashinda juani kutoka asubuhi mpaka usiku afu anasema ilipasuka ilikuwa feki. Ukiishika pakiti yake ikiwa haina ule upepo ndani ukiibonyeza, achana nayo. Wengine wanafungua kwa meno. Wengine wanavaa mbili wakidhani ndo ulinzi zaidi, kumbe zinasuguana zinachanika. Na kubwa kuliko yote, ambalo wanawake wananiambia kwa kunong'ona nikiwa nawaosha nywele, ni kwamba baba anaanza bila, anavaa mwishoni. Hiyo haihesabiki kama mmetumia. Yaani nyingi kwenye hizo 13 kondomu yenyewe haikupasuka, ilikuwa mfukoni.

Kwa hiyo kati ya vidonge na kondomu kwa kuzuia mimba tu, vidonge viko mbele, nalisema wazi. Ila hilo mbele linageuka kirahisi na naomba nieleze lililompata wifi yangu, maana hili ndo limenifanya nichukue kalamu.

Wifi yangu anaishi upande wa Bahi, alikuwa na watoto wanne na anatumia vidonge vizuri kunizidi mimi, ana nidhamu, kila siku saa mbili usiku taarifa ya habari ikianza anakunywa. Akaanza kukohoa, akapima, akakutwa na TB. Akaanzishiwa dozi ya miezi sita, akanipigia simu ameshtuka, "Wifi, nakojoa rangi ya chungwa," nikamtuliza, tulishaambiwa ni ile dawa. Ile dawa inayobadilisha mkojo inaitwa rifampisini. Kitu ambacho hakuna aliyemwambia, kule alikochukulia dawa za TB wala kule alikochukulia vidonge, ni kwamba rifampisini inalifanya ini livunje vunje dawa ya kwenye vidonge vya uzazi haraka mno, kidonge unakunywa lakini kinachobaki mwilini hakitoshi. Mwezi wa tatu wa dozi akaanza kichefuchefu, akajua ni dawa, sote tukajua ni dawa. Ilikuwa mimba ya mtoto wa tano.

Hakuna siku alisahau. Yeye alikuwa kwenye wale wa karatasi, wale 3 kwenye 1000, na bado ikampata. Namshukuru Mungu dozi ile ya kawaida haina madhara kwa mimba, akaimaliza, akapona, mtoto akazaliwa salama, ila kwa mwanamke aliyetoka kuugua, amekonda, mtama umekauka shambani mwaka ule, ni mzigo gani huo? Na jibu lilikuwa jepesi, kondomu tu kila mara kwa miezi ile sita na wiki nne baada ya kumaliza, au kuhamia kwenye sindano ya miezi mitatu au kitanzi cha shaba ambavyo rifampisini haiviharibu. Hapo kondomu unayoidharau inamshinda kidonge. Dawa kadhaa za kifafa nazo zinafanya hivyohivyo, kabamazepini, fenitoini, fenobabito. Dawa kama amoksilini hazina hiyo shida, hizo kunyweni msiogope.

Kwa nini pale dirishani mama anapopewa dozi ya TB asiulizwe "unatumia njia gani ya uzazi"? Ni swali moja. Na upande wa vidonge aulizwe "kuna dawa nyingine unakunywa?" Mi simlaumu nesi kama mtu, nawaona foleni wanazokuwa nazo, akina mama 60 wamekaa kwenye benchi na watoto mgongoni na nesi mmoja, lakini hilo swali lingeandikwa kwenye kadi lingekumbukwa.

Jambo lingine ni la hawa wadogo zetu. Dodoma imekua, tangu serikali ihamie huku mji umejaa, Mtumba wanajenga, wanafunzi wa vyuo wamejaa, na mabinti wanakuja saluni wananiita dada na wananiambia ukweli. Wanaogopa mimba kuliko ukimwi, nawaambieni. Binti anakunywa P2, vile vidonge vya dharura, mara tatu kwa mwezi, kondomu hataki kuisikia kwa sababu jamaa atasema humwamini. Vidonge vya dharura ni vya dharura, unavyowahi ndivyo vinavyosaidia zaidi, vizuri ndani ya masaa 72, na ukivifanya ndo njia yako ya kila siku uwezekano wa kushika mimba ni mkubwa kuliko ungetumia vidonge vya kawaida, na mzunguko unavurugika hujui hata siku zako ziko wapi. Wala havizuii ugonjwa. Kidonge chochote hakizuii ugonjwa, wala sindano, wala kijiti. Kaswende, kisonono, virusi vya ukimwi, hapo kondomu inasimama peke yake. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta watu wazima 4.4 katika kila 100 Tanzania wana virusi, na ule wa afya ya uzazi wa 2022 ulikuta wasichana 22 katika kila 100 wenye miaka 15 mpaka 19 walishapata ujauzito. Ukizisoma hizo namba mbili pamoja huwezi tena kumuuliza binti achague kidonge au kondomu. Mwambie vyote viwili.

Na vyote viwili hata kwa wenye ndoa mi sioni aibu. Ukichukua ile 7 ya vidonge na ile 13 ya kondomu mkatumia pamoja, kwa hesabu ya kuzidisha inashuka chini ya 1 kwenye 100. Najua sio hesabu kamili, maana anayesahau hiki anaweza kusahau na kile, ila hata hivyo ni ulinzi mkubwa. Wanaume wengi wakisikia kondomu ndani ya ndoa wanaona wametukanwa. Baba watoto wangu naye alikuwa hivyo. Baada ya kuelezwa zile siku 11 alikaa kimya muda mrefu afu akachukua simu yake akaseti alamu saa mbili usiku, mpaka leo akiwa njiani, iwe Singida au Morogoro, inalia na ananipigia, "Umekunywa?" Na nikirudi safari ya ghafla hatuulizani, kondomu zipo kwenye droo ileile. Huo ndo upendo ninaoujua mimi.

Kuna wanaosema vidonge vinarundikana tumboni, vinaleta ugumba. Havirundikani, vinayeyuka kama dawa nyingine, na ukiacha uzazi unarudi haraka, ushahidi mimi niliyekaa siku 11 tu! Ila havifai kwa kila mtu, na hili pia lisemwe bila kuficha, mwenye presha ya juu, aliyewahi kuganda damu, mvutaji sigara aliyepita miaka 35, mwenye kipandauso cha kuona vimulimuli, hao wasinywe vile vya kawaida, watafutiwe njia nyingine. Kupima presha ni dakika mbili. Mwenye kujijua ni msahaulifu kabisa au maisha yake ni ya safari safari, kijiti au kitanzi havimtaki akumbuke kitu, vinaangusha chini ya mmoja kwenye 100, aende pale penye ile alama ya nyota ya kijani aulizie, kwenye vituo vya serikali huduma ni bure.

Ninachoomba kwa wizara na halmashauri ni vitu vitatu na havina gharama ya kutisha. Kikaratasi cha Kiswahili, nusu ukurasa, maandishi makubwa, cha ukisahau ufanyeje, kiwekwe kwenye kila pakiti ya vidonge inayotoka kituoni. Kila anayepewa vidonge apewe na kondomu za akiba pamoja na maelezo ya lini azitumie, asisubiri kuomba maana wengi wanaona haya. Na kliniki za TB waulize lile swali.

Kwako Mhariri nina ombi moja. Yale maelezo ya ukisahau kidonge niliyoandika hapo juu, mpe daktari ayapitie arekebishe nilipokosea, afu myachapishe kwenye kiboksi peke yake ili mtu aweze kuyakata. Mi niliyaandika kwa mkono nikabandika pembeni ya kioo cha saluni, akina mama wanayapiga picha na simu zao, ila mvuke wa draya umeshaanza kuyafuta, mstari wa wiki ya tatu hausomeki tena.

Msusi,
Nkuhungu, Dodoma